Kipaza na Kijana wa Sahani Moja

Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho tu. Mumewe humwita Mama Watoto, wanariadha humwita Mama, na akishawapa kisogo wote humwita Kipaza. Naye anajua, wala halimuudhi. Aliwahi kusema kwamba siku akifa wamwandikie hilohilo kaburini, maana ndilo alilolitolea jasho. Lile jingine alipewa bure.

Jasho lenyewe alilitoa stendi ya mabasi. Kabla hajaingia kwenye mambo ya michezo alikaa miaka mingi ndani ya kibanda cha vioo, juu kidogo ya vyoo vya abiria, kipaza sauti mdomoni, akitangaza basi lipi linaondoka, saa ngapi, na linapakia upande gani. Watu huidharau kazi hiyo. Wanadhani ni kupiga kelele. Kipaza alikuja kugundua mapema kwamba msafiri hasikii. Masikio anayo, lakini yako kwenye mzigo wake, yako kwenye mtoto anayelia, yako kwa shemeji aliyeahidi kuja kumpokea na hapokei simu. Kwa hiyo alijitungia mtindo wake. Alisema mambo machache, kwa maneno mafupi, kisha akayarudia yaleyale bila kubadilisha hata moja. Na aliyekuja dirishani kuuliza hakuachwa aondoke hivihivi.

"Haya, nirudishie," alikuwa akisema. "Basi lako linapakia wapi?"

"Pale mbele."

"Mbele wapi? Mbele hata mimi nina mbele. Nirudishie vizuri."

Wengine walinuna, wengine walicheka, lakini hakuna aliyerudi kulia kwamba ameachwa. Mtu mmoja aliyenusurika kwa mtindo huo alikuwa meneja wa kituo cha mazoezi, ambaye asubuhi moja alikuwa ameshakaa raha mustarehe ndani ya basi la kwenda kusiko, mpaka tangazo liliporudiwa likamshusha. Wiki iliyofuata alirudi stendi, akapanda ngazi hadi kwenye kile kibanda, akamwambia Kipaza kwamba ana kazi kwa ajili yake.

Kituo chenyewe kilijiita Kituo cha Mazoezi ya Kiwango cha Juu, na maneno hayo yaliandikwa kwa herufi kubwa kuliko geti lililoyabeba. Kilikuwa na kiwanja, mabweni, bwalo la chakula, chumba cha daktari, na vijana wakimbiaji waliochaguliwa kutoka kila pembe. Kila mmoja alikuwa ameacha mama, wadogo zake, na kitanda alichokizoea, akaja kulala kwenye chumba chenye mgeni mwenzake anayekoroma. Na kabla hajajua choo kiko wapi, alimwagiwa maneno: kuamka saa fulani, kuogea maji ya barafu saa fulani, daktari siku fulani, wapima dawa, wale wanaosaka dawa za kuongeza nguvu, wanaweza kugonga mlango alfajiri bila taarifa. Wengi waliitikia tu. Kijana mmoja alimtimua mpimaji wa dawa hadi getini, ndala mkononi, akidhani ni mwizi wa viatu. Ndiyo maana Meneja alikwenda kumtafuta Kipaza.

Tatizo la pili la kituo lilikuwa Kocha Mkuu. Kocha huyu alikuwa bingwa wa kufundisha, jicho lake halikukosa kitu, ila maneno aliyagawa kama vile yalikuwa yake ya urithi. Vijana walimwita Nusu Neno. Mwanariadha angemaliza mbio ulimi nje, amwendee, amuulize, "Kocha, nimefanyaje?" Naye angetazama mbali, aseme, "Mm. Goti," kisha aondoke zake. Bweni zima lingekaa kikao kujadili ni goti lipi.

Kipaza akaingia katikati ya hao wawili, kocha asiyemaliza neno na vijana wasiothubutu kuuliza, na kwa kweli alifanya kazi. Alimfuata Nusu Neno kiwanjani, akamkamua, akatoka na sentensi nzima, akaipeleka kwa mhusika, kisha akasema, "Haya, nirudishie." Vijana waliacha kukosa daktari. Wapima dawa waliacha kutimuliwa. Alijisifu, na alikuwa na haki ya kujisifu.

Nyumbani napo hakuacha. Mumewe ni fundi cherehani, mtu mpole, mwenye pini mdomoni nusu ya siku, na ndiye aliyeshona traksuti za kituo. Akitumwa dukani ilibidi asimame mlangoni kama mtoto wa shule.

"Nirudishie, Baba Watoto."

"Sabuni, nyanya, kiberiti."

"Na?"

"Na nisisimame kwa kinyozi kupiga soga."

"Umefaulu. Nenda."

Fundi alikuwa akienda, na kwa kinyozi alisimama kama kawaida.

Sasa, akaja Kontena.

Kituo kile tangu mwanzo kilikuwa cha wakimbiaji, watu wembamba ambao ukiwapanga watatu kwenye benchi bado kuna nafasi ya begi. Lakini Nusu Neno enzi za ujana wake alikuwa mrusha tufe, lile dude la chuma linalosukumwa kutoka shingoni, na kwa muda mrefu alimsumbua Meneja kwa nusunusu zake mpaka akajengewa mduara wa saruji pembeni mwa kiwanja. Mrushaji wa kwanza kuletwa alitoka mbali sana. Alisafiri hadi miguu ikavimba, akafika akiwa na begi dogo, na alipoingia ofisini kwa Kipaza chumba kilipoteza mwanga kidogo. Vijana hawakumaliza hata siku moja kabla hawajambatiza Kontena.

Stoo haikuwa na traksuti ya kumtosha. Fundi aliitwa, akampima, akahesabu kichwani, akakata kitambaa cha watu wawili. Jioni kijana alirusha tufe mbele ya wote. Lilipaa, likatua mahali ambapo hakuna aliyetarajia, na Nusu Neno alisema "Aa!" kwa sauti, jambo ambalo kwake ni hotuba. Kisha alikwenda mwenyewe pale lilipotua, akachomeka kigingi chenye kitambaa chekundu. Hapo ndipo alipoanzia. Kutoka hapo ni kwenda mbele.

Kesho yake Kipaza alimkalisha kwenye kiti, akamwambia yote. Kijana alisikiliza mikono ikiwa magotini, macho chini.

"Haya, nirudishie."

Akarudisha. Lo! Alirudisha kila kitu, kwa mpangilio uleule, kuanzia kengele ya kuamka hadi wapima dawa, hadi namna ya kula bwaloni, bila kukosea, na pale Kipaza alipokuwa amekohoa, kijana naye alitulia kidogo kabla ya kuendelea. Kwao alilelewa na dada yake mkubwa, na kwenye nyumba ile mkubwa akisema unapokea, unarudisha, unatenda. Kuuliza ni kama kumwambia mkubwa kwamba hakusema vizuri.

Kipaza alitoka pale amejaa furaha, akaenda moja kwa moja jikoni kujitapa kwa Mpishi, mwanamke mnene mcheshi aliyetawala bwalo lile kwa upawa.

"Huyu wa leo ndiye mwanafunzi wangu bora," alisema. "Hata koma hakuacha."

"Na ule mwili!" Mpishi alijibu. "Nilidhani atanifilisi. Kumbe mstaarabu, anakula kama wenzake."

Wote wawili walilisikia jambo hilo, wakalifurahia, wakalipita.

Basi siku zikaenda, na kigingi kikabaki palepale. Tufe la kijana lilianza kutua nyuma yake. Mwanzoni kwa nafasi ya kiatu, na mtu angesema ni uchovu wa safari. Kisha nafasi ya hatua. Kisha ikawa haina haja ya kutazama. Kontena hakulalamika hata siku moja. Aliwahi mazoezini kuliko wote, alibeba vifaa vya wenzake, aliitikia "ndiyo kocha" kabla kocha hajamaliza, na ukimjua yule kocha utaona kwamba hiyo ilikuwa kuitikia hewa.

Nusu Neno aliuma meno. Alibadilisha mazoezi, akabadilisha viatu, akambadilishia hata tufe. Mwisho alimwita Kipaza pembeni.

"Yule kijana," alisema. "Mwisho wa mwezi. Nyumbani."

"Arudi kwao? Kabisa?"

"Mm. Mwambie."

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Kipaza alikuwa na tangazo asilotaka kulitoa. Alijua maana yake. Kijana akirudi na begi lake dogo, kule kwao watamwona ameshindwa, na hakuna atakayemchagua tena. Alijua pia kwamba dada mtu alikuwa akipiga simu kila Jumapili, na akisikia sauti ya mdogo wake hucheka mpaka simu inakwaruza. Aliahirisha kusema leo, akaahirisha kesho. Alimwendea kijana akijifanya anapita tu.

"Mwanangu, unalala vizuri?"

"Ndiyo, mama."

"Unapendana na wenzako?"

"Ndiyo, mama."

"Kula, je? Unakula?"

"Ndiyo, mama. Nakula."

Na kila jibu lilikuwa kweli tupu. Kipaza aliondoka akiwa hana alichopata, akaamini kwamba kijana anaumwa ugonjwa wa kukumbuka kwao, basi akampelekea mto mwingine wa kulalia.

Kilichomzindua hakikuwa busara yake. Kilikuwa foronya. Walikuwa mezani, yeye na mumewe, mchana wa siku ya mapumziko, Kipaza akila huku analalamika, na Fundi akimsikiliza huku anachambua nyuzi kwenye mkono wa shati.

"Yule Kontena wako," Fundi alisema, "nimempunguza tena."

"Umempunguza nini?"

"Suruali. Alikuja dukani kaishika kwa ngumi isianguke. Mara ya kwanza nilikaza lastiki. Hii ya pili nimekata kitambaa kabisa, mbele na nyuma. Kilichobaki nimekushonea foronya, mbona unaiegemea?"

Kipaza aligeuka kutazama mto aliouegemea. Kweli, ulikuwa na rangi za kituo, na mstari mweupe wa traksuti ukipita katikati. Ulikuwa umevaa foronya nzima, yenye kifungo. Aliushika, akaupima kwa viganja.

"Baba Watoto, hiki ni kitambaa cha mwili wa mtu."

"Ndicho ninachokuambia."

Kesho yake alikwenda bwaloni bila kipaza sauti. Alikaa kwenye kona, akajifanya anapekua simu, akamtazama Kontena. Kijana alipanga foleni. Alipokea wali, maharage, kipande cha nyama na mboga, kiasi kilekile alichopewa mkimbiaji aliyekuwa mbele yake, ambaye mwili mzima ungeweza kuingia kwenye mguu mmoja wa suruali ile. Alikula taratibu, hadi punje ya mwisho. Alitazama dirisha la jikoni, ambako sufuria bado ilikuwa inatoa mvuke. Alilitazama kwa muda. Kisha akasimama, akarudisha sahani dirishani, akanawa mikono, akaenda kupumzika.

Kipaza alihisi kuna kitu anakifahamu kwenye mwendo ule, kama wimbo uliosahaulika jina. Alimfuata nje, akamkuta amekaa kwenye benchi la ukutani, akakaa naye.

"Umeshiba, mwanangu?"

"Nimemaliza, mama."

Hapo angeweza kusimama na kwenda zake, kama siku zote. Lakini foronya ilikuwa bado inamchoma. Akaacha maswali yake ya ndiyo na hapana, akanyoosha miguu.

"Hebu nisimulie kwenu," alisema. "Dada yako akipakua, anapakuaje?"

Kijana alimtazama kuona kama ni mtego. Halafu uso ukamchanua. Akaeleza kwamba dada huanza na watoto, halafu mume wake, halafu mwenyewe. Wote wakishapata, yeye huletewa sufuria.

"Sufuria?"

"Ndiyo, mama. Kwetu mimi sina sahani. Dada anasema sahani ni kwa ajili ya wageni na watu wa kawaida. Ananiwekea sufuria na mwiko. Nikimaliza anauliza kama nimeona chini."

Kipaza alicheka mpaka akashika mbavu, na kijana naye akacheka. Kisha Kipaza akauliza, bado anafuta machozi ya kicheko, "Na hapa, je?"

Kontena aliketi wima, mikono magotini, macho chini, akajibu kwa sauti ambayo haikuwa yake.

"Chakula ni sahani moja. Ukimaliza rudisha sahani dirishani, nawa mikono, nenda kapumzike. Narudia. Chakula ni sahani moja."

Ilikuwa sauti ya Kipaza. Ilikuwa na mapozi yake na ile "narudia" yake ya stendi.

Maana tangazo hilo alilitunga yeye, muda mrefu kabla ya Kontena. Wakimbiaji walikuwa wakijipakulia vilima, wakakumbuka mazoezi ya jioni, wakaacha nusu. Mpishi alilia kwamba anapikia ndoo ya makombo. Kipaza akashika kipaza sauti, akatoa amri ya sahani moja, na mambo yakanyooka. Ilikuwa amri nzuri, iliyokatwa kwa mwili wa mkimbiaji. Alipokuja mrusha tufe, Kipaza alimwambia yote anayowaambia wote, na hakuna mtu katika kituo kizima, si kocha, si mpishi, si yeye mwenye mdomo wake, aliyekumbuka kwamba mwili umebadilika.

"Kwa hiyo wiki zote hizi umekuwa na njaa?"

"Kidogo, mama. Nimeshaanza kuzoea." Kisha, kwa kuwa aliona mama wa watu amebadilika uso, akataka kumfariji. "Nilidhani ndiyo mazoezi yenyewe. Ya kiwango cha juu."

Kipaza aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona stendi, hata siku ile aliyotangaza basi lililokwisha kuungua.

"Kwa nini hukuniuliza, mwanangu?"

Kijana alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Ulisema nikurudishie, mama. Hukusema nikuulize."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kwa heshima zote, na ndiyo maana liliingia mpaka ndani. Kipaza alisimama, akamshika mkono, yaani alishika vidole viwili kwa kuwa mkono mzima hauenei, akamvuta hadi dirisha la jikoni.

"Mpishi! Lete sufuria."

"Sufuria ya nini?"

"Ya kulia."

Mpishi alimtazama Kipaza, akamtazama kijana, akaelewa, akajipiga paji la uso kwa upawa. Aliileta mwenyewe, na mwiko juu. Kontena alipoona chini, wanawake wote wawili walikuwa wamesimama dirishani wakimtazama, na mmoja wao alikuwa analia, ila sitasema ni yupi kwa kuwa wote huwa wanakana.

Kutoka hapo Kipaza alikwenda kiwanjani. Nusu Neno alikuwa anafuta matufe kwa kitambaa.

"Kocha, kosa ni langu," alisema, na akamweleza kuanzia foronya hadi sufuria.

"Mm," alisema kocha.

"Leo hiyo mm haitoshi. Nirudishie."

Kocha aliinua macho. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Lakini Kipaza alikuwa amesimama kati yake na njia ya ofisini, na haikuonekana kama atapisha.

"Kijana," alisema kocha, "alikuwa na njaa."

"Na?"

"Na haendi nyumbani."

"Haendi kabisa?"

Nusu Neno alikunja kitambaa, akakikunjua. Kwenye ukweli hakuwa mtu wa kupindisha. "Apimwe tena. Ale kwanza, halafu apimwe. Kigingi kile. Akikishindwa ameshiba, basi."

Ilikuwa haki, na Kipaza hakuwa na la kuongeza, ingawa roho yake ilikaa juu kuanzia siku ile.

Wakati wa chakula cha jioni alipanda kwenye kiti bwaloni na kipaza sauti chake. "Tahadhari, tahadhari. Lile tangazo la sahani moja nililitoa mimi, na lilikuwa la wakimbiaji. Kwa mrusha tufe nilikosea. Mrusha tufe ale mpaka ashibe. Narudia. Nilikosea. Mwenye swali aulize."

Kule nyuma mkono mkubwa ulipanda polepole, ukashuka, ukapanda tena.

"Mama," alisema Kontena. "Na sahani ya tatu, je?"

Watu walivunjika mbavu. Mpishi aligonga sufuria kwa upawa. Na kelele ilipopungua, binti mmoja mkimbiaji, naye sijui alipata wapi ujasiri, alisimama akasema ana swali la siku nyingi kwa kocha: lile goti, lilikuwa la kulia au la kushoto? Nusu Neno alikuwa kwenye kona yake, kijiko mdomoni. Wote waligeuka. Alimeza.

"Kulia," alisema.

"Uuuwi!" binti alipiga ukelele. "Mimi nimelea la kushoto msimu mzima!"

Tangu hapo Kipaza alibadilisha mtindo wake wa kupokea wageni. Kurudisha hakukuacha, ni mkate wake, lakini akishamaliza aliegemea kiti, akasema, "Sasa hutoki humu mpaka uniulize kitu." Wengi walitokwa na jasho. Mmoja, kwa kubanwa, aliuliza Kipaza ana umri gani, na alijibiwa, kwa kuwa sheria ni sheria.

Kontena naye, akishaambiwa na Kipaza kwamba kigingi kile ndicho kitakachoamua kama anabaki, alikula. Alikula kwa adabu, sufuria kwa sufuria, na rangi ikarudi mashavuni. Tufe likaanza kukisogelea kigingi tena, siku nyingine kwa hatua, siku nyingine kwa kiatu, lakini kukigusa halikukigusa. Kila jioni Kipaza alipita pale akijifanya anaelekea stoo.

Siku ya kupimwa watu wote walijaa pembeni mwa mduara. Mpishi alifunga jiko. Hata Fundi alikuja, tepu yake ya kupimia shingoni, akidai kwamba inaweza kuhitajika. Kontena alijipaka chokaa shingoni, akaingia kwenye mduara. Mrusho wa kwanza ulitua nyuma ya kigingi. Wa pili pia nyuma, kwa nafasi ya kiganja, na Kipaza alimkamata mumewe mkono akaminya hadi pini zikamtoka mdomoni. Kabla ya wa tatu kijana alisimama muda mrefu, tufe chini ya taya, amefumba macho. Kisha akazunguka, akasukuma, na sauti iliyomtoka ilitokea chini kabisa ya sufuria.

Tufe lilikipita kigingi. Lilikipita na kuchimba shimo mbele yake, na wakimbiaji walirukaruka kama watu waliomwagiwa maji ya moto.

Nusu Neno alitembea hadi pale. Aling'oa kigingi, akakichomeka kwenye shimo jipya, akakigonga kwa kisigino. Kisha akageuka kuondoka.

"Mm," alisema akipita. "Haya."

Shangwe zilikufa. Watu walitazamana. Haya ya kubaki, au haya ya kwenda? Kontena alisimama palepale kwenye mduara, mikono imening'inia. Ulimi wa Kipaza uliwasha. Ilikuwa kazi yake, alikuwa ameshainua mguu, lakini Fundi, aliyekuwa bado ameshikwa mkono, safari hii alimshika yeye.

"Mwache," alimnong'oneza. "Mwache kidogo."

"Kocha," aliita Kontena.

Nusu Neno alisimama bila kugeuka. "Mm?"

"Samahani, kocha. Sijaelewa."

Neno hilo halikuwahi kusikika pale, si kwa mtu yule. Kocha aligeuka polepole.

"Hujaelewa nini?"

"Kama nabaki."

Nusu Neno alivua kofia. Aliishika mbele ya kifua, akaitazama ndani kana kwamba maneno ameyahifadhi humo.

"Unabaki," alisema. "Nilitaka kukurudisha kwenu bila kukuuliza lolote, na ningekuwa nimekosea. Unabaki hapa. Kesho asubuhi tunaanza na miguu, kwa sababu mikono yako haina tatizo, ni miguu inayochelewa. Na siku nisipoeleweka, fanya hivihivi ulivyofanya leo." Akavuta pumzi ya mtu aliyepanda mlima. "Haya. Nirudishie."

"Nabaki," alisema Kontena, na hayo mengine yote hakuweza kuyarudisha, yeye aliyewahi kurudisha hadi kikohozi.

Kipaza aliona ghafla kwamba ukuta wa stoo unahitaji kutazamwa, akautazama, mgongo kwa watu, mpaka macho yakakauka. Fundi alimfuata. Alikuwa anampima kijana kwa jicho kutoka mbali, mabega, kiuno, mapaja, kichwa kikiwa upande.

"Ile suruali itabidi niifumue," alisema. "Kitambaa cha kuongezea sina."

Walipofika nyumbani Kipaza aliingia ndani, akauchukua mto wake, akafungua kifungo, akaivua ile foronya na kumwekea mumewe juu ya cherehani.